Laptop used ya laki nne na nusu: uichukue au uiache hapo hapo dukani?

Juzi kati mdogo wangu wa kwa mama mdogo kanitumia picha WhatsApp, HP EliteBook 840 G3 imekaa juu ya kaunta ya duka Kariakoo, chini kaandika "bro hii i7, RAM 8, disk 500, laki nne na nusu, nichukue?" Nikamuuliza kitu kimoja tu, i7 ya kizazi cha ngapi. Kimya. Kama dakika kumi hivi, nadhani alikuwa anamuuliza muuzaji, halafu akarudi na jibu: "anasema ni i7 orijino."

Basi nikamwambia aache kwanza, Jumamosi twende wote. Dogo anaanza uhasibu Dodoma, hiyo mashine inatakiwa imfikishe miaka mitatu bila kumlilia mama yake hela ya fundi kila semista. Na sio yeye peke yake, kila ikikaribia vyuo kufunguliwa napata meseji za hivi, na zote zinauliza vitu vile vile ambavyo sio vya kuuliza. RAM ngapi, disk ngapi, imekwaruzika au haijakwaruzika. Ngoja nieleze kwa kirefu nikimaliza nipumzike, next time natuma link.

Kwanza ujue hizi laptop zinatoka wapi. Nyingi unazoziona zimepangwa Kariakoo, au Nairobi kule Luthuli na Moi Avenue wanakoziita ex-UK, hazijawahi kununuliwa na mtu kama mimi na wewe. Zilikuwa za makampuni. Kampuni kubwa huko Ulaya na Marekani inachukua laptop mamia kwa mkupuo, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu minne, waranti ikiisha zinatolewa zote kwa mpigo zinaletwa mpya. Wafanyabiashara wa jumla wanazibeba, wanazipanga kwa gredi, nyingi zinapita Dubai, ndo zinatua huku. Ndio maana ukizunguka maduka kumi utakuta familia zile zile tatu, ThinkPad za Lenovo, EliteBook na ProBook za HP, na Latitude za Dell. Hizi ni mashine za ofisini, zimetengenezwa zifunguliwe, unatoa skrubu za chini unaona kila kitu, spea zipo mpaka kwa fundi wa mtaani. Kwa hiyo mtu akiniambia ana hela ya ThinkPad ya 2018 au ya laptop mpya kabisa yenye Celeron na RAM 4 iliyochomelewa kwenye bodi, mi nitamwambia achukue ile kuukuu, harufu ya boksi haifungui Excel.

Lakini sio kila kuukuu. Na hapa ndo watu wanapopotea.

Mi laptop used naigawa mafungu mawili kichwani kabla hata sijaishika. Kuna vitu unavyoweza kubadilisha baadaye, RAM, SSD (ile disk ya kisasa isiyozunguka), betri, chaja, hata kibodi. Halafu kuna vitu ukishalipa umelipa, prosesa (ile chipu inayofanya kazi zote, ndo hizo i5 na i7), madabodi yenyewe, paswadi ya BIOS kama ipo (BIOS ni ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows), kioo (kinabadilika lakini hela yake utaijutia) na RAM kama imechomelewa. Sasa angalia tangazo lolote la laptop used, kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni RAM na disk, yaani lile fungu linalorekebishika. Fungu la pili hakuna anayelitaja, na sio kwamba wauzaji wote ni matapeli, wengi wenyewe hawajui, wanauza laptop kama wanavyouza mashati.

Tuanze na prosesa maana ndo chanzo cha kelele zote. Watu wanaamini i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 kubwa kuliko i3, imeisha. Ingekuwa kweli kama zote zingetoka mwaka mmoja. Jina kamili la prosesa lina namba baada ya kile kistari, mfano i7-6600U, ile 6 ya mwanzo ndo kizazi, kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Ukikuta i5-10210U hiyo ni kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11, hapo unasoma tarakimu mbili za mbele. Ile herufi ya mwisho nayo ina maana, U ni za laptop za kawaida zisizokula umeme, H na HQ ni zile nzito za michoro na video, zinachemka na zinamaliza betri, Y ni dhaifu, mi siigusi.

Sasa sikia hii. Zile i7 za U kuanzia kizazi cha 4 mpaka cha 7, zile unazozikuta kwenye EliteBook 840 G1, G2, G3, G4, ndani zina kori mbili tu. Yaani wafanyakazi wawili. Ilipofika kizazi cha 8 mwishoni mwa 2017 Intel wakapandisha, i5-8250U ya kawaida kabisa ikaja na kori nne. Kwa hiyo ile i7-6600U ya G3 aliyokuwa anaililia dogo, hata i7-7600U ya kizazi kinachofuata, inapitwa na i5 ya kizazi cha 8, inapitwa sana ukifungua vitu vingi kwa pamoja, Zoom huku, Excel huku, Chrome ina tabo ishirini. Stika ya i7 pale unapoegemeza kiganja ni stika tu. Na stika zinauzwa kwa karatasi nzima, usisahau hilo.

Halafu likaja la Windows, ndo likafanya kizazi cha 8 kiwe mpaka wa kweli kweli. Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14/10/2025. Sio kwamba siku ile ilizimika, bado inawaka, ila apdeti za usalama za bure ndo zilikoma, Microsoft wakatoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu binafsi ambao nao unaisha 13/10/2026, lazima ujiandikishe. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, kizazi cha 7 kurudi nyuma hawaitaki isipokuwa chache mno ambazo huku hutazikuta. Kwa hiyo unaweza kukuta kichekesho, i3-8130U, i3 kabisa ya kori mbili, inapokelewa vizuri, na i7-7600U inafungiwa mlango.

Watu wengi wanachanganya hapa na ile habari ya TPM, chipu ya usalama. Utasikia "hii ina TPM so inaingia Windows 11". TPM 2.0 ni sharti mojawapo, lakini laptop nyingi za ofisini za kizazi cha 6 na 7 zina TPM na bado zinakataliwa kwa sababu ya prosesa yenyewe. Na jingine la muhimu zaidi, kuiona Windows 11 inawaka dukani SIO ushahidi wa chochote. Kuna njia za kuilazimisha kuingia kwenye mashine isiyoruhusiwa, mafundi wa Kariakoo wanafanya hivyo kila siku asubuhi kabla ya chai, na inafanya kazi, ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, inabidi mtu ayasukume tena kwa mkono. Mi binafsi naweza kuishi hivyo, ni kazi yangu. Dogo wa uhasibu yuko Dodoma peke yake hawezi, na huyo ndo ataingiza namba za benki humo.

Kuna mtu atasema si uweke Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Ndio, Linux Mint kwenye laptop ya kizazi cha 4 inaenda safi, nimemwekea mzee mmoja mtaani anasoma magazeti na kuangalia YouTube, hana shida na mtu. Ila mwanafunzi ambaye mwalimu wake anataka kazi kwenye Excel yenye makro zake, unamtafutia ugomvi.

Turudi kwenye vinavyobadilishika, kwa haraka. SSD ndo kitu cha kwanza, laptop yenye ile hadidiski ya kuzunguka utailaani hata iwe i9, na ukiibadilisha ukaweka SSD mashine ile ile inafufuka. Kwa hiyo ukikuta laptop nzuri ya kizazi cha 8 imewekewa hadidiski, usikunje uso, hiyo ndo silaha yako ya kushusha bei. RAM, sasa hivi 8 ndo pa kuanzia, 4 kwa Windows ni mateso. Ila hapa pana mtego mpya kidogo, zamani tulikuwa tunasema nunua yenye 8 utaongeza baadaye ni hela ya vocha, mwishoni mwa 2025 bei za RAM zikapanda dunia nzima kwa sababu viwanda vimegeukia data senta za AI, kwa hiyo ukiiona tayari ina 16 na tofauti ya bei ni ndogo, chukua ya 16.

Na uangalie kama RAM ina nafasi ya kuongezwa. ThinkPad T480 ina matundu mawili, unaweka unavyotaka. T480s, ile nyembamba, RAM moja imechomelewa na tundu ni moja. X280 na X1 Carbon zimechomelewa zote, ulichonunua ndo hicho hicho mpaka kiama. Tena T490 ambayo ni mpya kuliko T480, na yenyewe imechomelewa nusu na ile betri ya nje wameitoa. Kwa hiyo mpya zaidi sio lazima iwe nzuri zaidi, T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, unachomoa ya nje laptop ikiwa inawaka unaweka nyingine, kwa nchi ambayo umeme unakatika katikati ya asaimenti hiyo sio anasa.

Kioo, msikisahau. EliteBook za zamani na T480 nyingi zilitoka na kioo cha 1366 kwa 768, kampuni zilikuwa zinabana bajeti, ukiinamisha kidogo weusi unakuwa mweupe na Excel unaona safu chache tu. Zipo pia za 1920 kwa 1080, bei dukani mara nyingi ile ile kwa sababu muuzaji hajaangalia. Bonyeza kulia kwenye desktop, ingia mipangilio ya display, sekunde tano umejua.

Sasa Jumamosi tukaenda.

Tumeingia duka la kwanza, kijana mchangamfu, akatuletea ile G3 pamoja na nyingine nne. "Zote ex-UK hizi bro." Nikaangalia kibodi. Ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3 na Enter yake ni kubwa imejikunja kama buti. Hii ilikuwa na alama ya reli pale na Enter ya kulala, yaani ya Kimarekani. Sikusema kitu, haina madhara, kibodi inaweza kuwa imebadilishwa na UK sio dini, ila unajua tu kwamba maneno ya hapa ni ya kupima.

Nikaiweka G3 juu ya kioo cha kaunta nikaisukuma kwa kidole kwenye kona. Ikayumba. Laptop iliyonyooka haiyumbi, ikiyumba au tachipedi ikiwa imeinuka au haibonyezeki vizuri, angalia betri, zile betri za ndani zikizeeka zinavimba kama andazi na zinasukuma chuma cha chini. Nikamwambia dogo shika hapa, akashika, akaelewa. Betri iliyovimba sio ya kubembeleza, inatolewa.

Ya pili ilikuwa 840 G5, i5-8350U, RAM 8, SSD 256, mkwaruzo mmoja mkubwa juu ya kifuniko kama paka alipita. Kijana alikuwa hata hajaisifia, kwa sababu ni i5 na ina mkwaruzo. Mi macho yakanitoka lakini nikajikaza.

Hiyo nikaikagua kweli. Unaanza na kuwasha ikiwa imezimwa kabisa, sio ile iliyokuwa inawaka tangu asubuhi ikichajiwa. Unachomoa chaja. Halafu kabla Windows haijaingia unabonyeza F10 kwa HP (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell) uingie BIOS. Kama inaomba paswadi na muuzaji haijui, shukuru, rudisha, ondoka.

Niwaambie kwa nini niko mkali hapo. Mwaka 2021 nilinunua ThinkPad kwa mtu, nzuri, safi, Windows inawaka, nikatumia miezi miwili. Siku nataka kuweka SSD mpya na kuingiza Windows kwa fleshi, haikubali kusoma fleshi, naingia BIOS nibadilishe, inaomba paswadi ya msimamizi. Muuzaji namba haipatikani. Nikasoma mpaka usiku wa manane, na Lenovo wenyewe msimamo wao ni kwamba hiyo paswadi ikipotea hakuna njia ya kuiondoa, ubadilishe madabodi. Kuna mafundi wanafungua na kuandika upya ile chipu, nikampata mmoja, akachukua hela ambayo ukijumlisha na bei ya laptop ningenunua nyingine iliyo mpya zaidi. Kwa hiyo F1, F2, F10, ndo kitu cha kwanza, hata kama muuzaji anakuangalia kama mwizi.

G5 BIOS ikafunguka bila kuuliza. Nikaingia Windows, nikafungua ile dirisha nyeusi ya CMD nikaandika powercfg /batteryreport. Inakutengenezea faili na kukwambia limewekwa wapi, unalifungua kwenye browser. Mule ndani kuna mistari miwili ya maana, uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Yetu ilitoka na elfu 50 na kidogo, sasa inajaa elfu 31. Ukigawa ni kama asilimia 62. Dogo akauliza hiyo ni mbaya? Sio mbaya, ni ya umri wake, itampa masaa mawili na ushee, ila ndani ya mwaka ataibadilisha, kwa hiyo bei ya betri naitoa kwenye bei ya laptop leo. Chini ya 50 mi nahesabu betri haipo. Na ukikuta namba zote mbili ziko sawa tarakimu kwa tarakimu kwenye mashine ya 2018 usishangilie, hiyo betri imebadilishwa, uliza waliweka ya nani, maana zile kopi zinaripoti wanachotaka.

Nikaandika tena slmgr /xpr. Hii inakwambia Windows imewezeshwa moja kwa moja au ina tarehe ya kuisha. Ikionyesha tarehe, kama miezi sita mbele hivi, ujue imefunguliwa kwa ile njia ya makampuni ya siku 180, yaani kwa huku kwetu ni krak, siku moja itaanza kukusumbua. Cha kuchekesha ni kwamba laptop nyingi za ofisini zina leseni halali imeandikwa ndani ya BIOS tangu kiwandani, ukiingiza Windows upya ya aina ile ile (Home au Pro) inajiwezesha yenyewe, hakukuwa na haja ya krak, fundi alikuwa na fleshi moja anaipachika kila mahali.

Task Manager, upande wa Performance, hapo jina la prosesa liko juu kulia, na ukibonyeza Memory inakuonyesha RAM imekaa tundu ngapi kati ya ngapi. Yetu moja kati ya mbili. Safi, kuna tundu wazi. Afya ya SSD nikaiangalia na CrystalDiskInfo niliyokuja nayo kwenye fleshi, inakuonyesha asilimia na masaa iliyowashwa. Masaa elfu kumi yasikutishe, ni laptop ya ofisi, asilimia ndo ya kuangalia.

Serial number iko chini ya laptop na pia ndani ya BIOS, zote mbili zifanane, zisipofanana kuna kitu kimebadilishwa, bodi au kifuniko cha chini. Ukiiingiza kwenye tovuti ya HP, Lenovo au Dell unapata waranti yake iliisha lini, hapo unajua umri wa kweli badala ya "hii ni ya juzi tu bro".

Halafu vile vidogo ambavyo ndo vinaudhi baadaye. Dogo nikampa kazi ya kubonyeza kila kitufe kwenye Notepad, herufi zote, namba zote, mishale, alikuta kitufe cha mshale wa chini kinashika. Matundu yote ya USB kwa fleshi moja moja. Kamera, maiki, spika, jaki ya hedifoni. Kioo cheupe kabisa utafute madoa, kioo cheusi utafute vidoti vinavyowaka. Bawaba, fungua kwa mkono mmoja taratibu usikilize, ikilia kama mlango wa stoo plastiki ya ndani imepasuka. Na video ya YouTube ya 1080 dakika kumi huku umeweka mkono upande wa feni, ikinguruma kama bodaboda na mashine ikaanza kusuasua, vumbi na ile dawa ya kupozea prosesa imekauka. Hiyo sio sababu ya kuikataa, ni kazi ndogo ya fundi, ila nayo inaingia kwenye mahesabu.

Kwa anayefuata T480, kuna moja la ziada. ThinkPad za miaka ile zilikuwa na kasoro kwenye programu ya Thunderbolt, chipu inayoendesha tundu la USB-C, ilikuwa inajiandikia mpaka inajaa, mwisho tundu la USB-C linagoma, na T480 inachajiwa kwa USB-C tu. Lenovo walitoa apdeti ya kurekebisha. Kwa hiyo chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C uone yanachaji, na ukifika nyumbani uweke hiyo apdeti kabla hujafanya kingine.

Tukakaa chini kupiga hesabu, kwa bei za dukani pale siku ile. G3 laki nne na nusu. SSD kwa sababu ina hadidiski, elfu 75. Betri kwa sababu imevimba, elfu 70. Tayari iko 595,000 na bado ni kizazi cha 6, kori mbili, Windows 11 ya kulazimisha. G5 aliitaja 640,000. Tukamwonyesha ile ripoti ya betri na mshale unaoshika na mkwaruzo, tukaongea ongea, tukatoka mpaka mlangoni kama inavyotakiwa, akatuita, 590,000. Sasa mwambie mtu kwamba laptop ya laki nne na nusu ni ya bei rahisi.

Sio kwamba G3 haina mwenyewe. Ingekuwa laki tatu na betri nzima, mwenye steshenari anayechapa na kuprinti barua za wenyeviti wa mtaa aichukue bila kufikiria, au mtoto wa sekondari wa kujifunza kuandika. Kwa mtu anayechora AutoCAD au kukata video hata G5 haitamtosha, huyo atafute ZBook za HP au ThinkPad za P, zenye H na kadi yake ya picha, na ajiandae kubeba chaja kama tofali. Na wanaopenda tufaha, MacBook za Intel kuwa makini sana, Apple walishatangaza kwamba macOS Tahoe ndo ya mwisho kwa Intel na hata hiyo inakubali chache tu, za 2016 mpaka 2019 nyingi zina ile kibodi ya kipepeo iliyosumbua dunia nzima, RAM hutoi huongezi, na kama akaunti ya iCloud ya mwenye nayo wa zamani haijaondolewa, mashine inabaki imefungwa, umenunua sinia.

Kuna kufuli moja zaidi ambalo dukani hulioni. Baadhi ya makampuni yanasajili laptop zao kwenye mifumo ya Microsoft, mashine inawaka vizuri kabisa hapo, ila siku ukiifuta na kuingiza Windows upya ikiwa kwenye intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni ya watu na kukutaka uingize imeili ya kazini. Kwa hiyo tulipofika nyumbani tukaifuta jioni ile ile, Windows 11 mpya kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe, Wi-Fi imeunganishwa tangu hatua ya kwanza. Haikutaja kampuni ya mtu. Leseni ikajiwezesha yenyewe.

Risiti tuliidai iandikwe serial number na wiki mbili za kurudisha, kijana akacheka akasema mna mambo, lakini akaandika. Siku ya tano dogo ananipigia, tundu moja la USB la kushoto linachagua fleshi, nyingine linazisoma nyingine halizisomi, dukani lilisoma. Akarudi nayo Kariakoo na ile risiti. Wakataka kumwambia ameiangusha, wakaangalia serial, wakaangalia tarehe, wakambadilishia na G5 nyingine haina mkwaruzo ila kioo chake ni kibaya kuliko cha mwanzo. Nikamwambia rudi, mwambie hicho kioo hapana, akupe ile ile na wakutengenezee tundu. Wakatengeneza siku mbili. Sasa yuko nayo Dodoma, mkwaruzo kaufunika na stika ya timu ambayo mi siiungi mkono.